Supu ya Bosi

Kila jioni Jerop alipotoka shuleni, alipitia kibanda cha mama yake, Everlyne, aliyeuza supu ya miguu ya ng'ombe karibu na Kipsongo, mjini Kitale. Jerop aliosha masufuria. Juu ya supu iliyobaki mafuta yaliganda, meupe, yakinuka kwato zilizochomwa. Mama aliyaweka ya kukaangia mboga. Jerop aliyachota kwa siri, akampa mbwa wake Bosi, aliyemlamba hadi vidole.

"Sasa Jerop," Wakhungu, mtoto wa jirani, alimtania. "Hiyo ni mbwa ama nguruwe?"

"Wivu tu. Yenu imekonda ni kama inafunga na kuomba."

Jumamosi moja Bosi hakuamka. Alilala juu ya matapishi ya manjano yanayoteleza, nzi wamemjaa mdomoni. Jerop na mama yake walimbeba kwa mkokoteni hadi kwa Dinah, daktari wa mifugo kutoka Bungoma aliyekuwa na kliniki hapo mjini.

"Anakula nini?"

Jerop alimtazama mama yake. "Ugali tu, daktari."

Daktari alitoa damu, akaiacha itulie kwenye kichupa. Wekundu ulishuka chini. Juu kukabaki kitu cheupe, kizito kama uji uliolala.

"Haya ni mafuta, na yako ndani ya damu yake," alisema. "Ugali hauleti hii."

Jerop aliinama akampapasa Bosi. Bosi alidungwa sindano. Daktari akaagiza apewe wali na kifua cha kuku kilichochemshwa, bila ngozi, kidogo kidogo. Mafuta asiguse kabisa.

Nyumbani, Bosi alinusa wali akageuka. Jerop akakumbuka maneno ya mama kwa wateja: mgonjwa hupewa supu. Supu si mafuta, alijiambia, akammiminia bakuli zima.

Jioni Bosi alitapika tena, safari hii pamoja na damu, akitetemeka. Wakarudi mbio.

"Akiendelea hivi tutampoteza," daktari alisema. "Amepewa nini?"

"Supu. Ni mimi," Jerop alilia. "Na ile ya ugali nilidanganya. Nilikuwa nampa mafuta ya sufuria kila siku."

"Basi sasa najua ninachotibu," daktari alisema, akimtundikia Bosi dripu.

Wiki kadhaa baadaye damu ya Bosi ilitulia bila weupe. Jioni hiyo Jerop alikwangua mafuta ya sufuria, uso ameukunja, akayatupa chooni. Mama hakumzuia.

"Hata sisi tumeyala ya kutosha," Mama alisema. "Lakini sikia, mwanangu. Mafuta yalimwangusha Bosi mara ya kwanza. Mara ya pili ni uongo wako; daktari angejua ukweli, angekukataza hata supu. Daktari akikuuliza, sema yote, hata kama mimi nimesimama hapo."