Nyama Iliyolala kwa Abner Ombati

Nyanya Nyangate alikufa kwa kula nyama iliyopikwa Ijumaa na kuliwa Sabato bila kupashwa moto. Nyumba ya mke wa mjukuu wake ilichomwa kwa sababu mtu mmoja hakutaka kulisema neno hilo. Nimeanza na mwisho ili asije mtu akaniambia baadaye kwamba hakujua ninakoelekea.

Nawaandikia nyinyi wa Gesima, na nyinyi wa Ogembo na Kisii mjini, mnaorudi nyumbani kila Desemba na njaa ya mwaka mzima. Boma la Abner Ombati na langu yanatenganishwa na mistari michache ya majani chai. Abner ni mkulima, mzee wa kanisa, na mtoto wa Nyanya Nyangate. Ana mke, Bitutu, na mtoto wa kiume, Mose, aliyemwoa Gladys kutoka Ogembo. Walikuwa watu wa amani. Asubuhi ulisikia maombi ya kwao kabla hujasikia jogoo wako.

Mambo yalianza kwenye baraza, mwanzoni mwa Desemba. Naibu wa chifu, Maureen, alitusomea barua ya ushauri kuhusu chakula cha sikukuu.

"Pika kwa hesabu ya watu," alisoma. "Nyama igawiwe majirani ikiwa mbichi, kabla haijaingia kwenye sufuria. Kilichopikwa kiliwe siku hiyo hiyo. Kikilala bila friji, kichemshwe mpaka kitokote. Na tujitahidi mwaka huu kisiwepo cha kumwaga."

Watu walicheka. Ogoti, yule wa boda boda, ambaye mdomo wake hauna breki, aliinua mkono.

"Naibu, mjomba wangu wa Nairobi nimhesabu tumbo moja au mawili?"

"Mhesabu kama kiti chako cha pikipiki," Maureen akamjibu. "Si unajua wanakaa wangapi?"

Kicheko kikaongezeka. Ndipo Abner akasimama, akavua kofia.

"Naibu, nakuheshimu. Lakini baba yangu alipozikwa, watu walikula hapa mpaka wakachoka, na sufuria hazikuonyesha chini. Mgeni akiona chini ya sufuria yako, ameona umaskini wako. Serikali ishughulike na bei ya majani chai. Sufuria ni zetu."

Alipigiwa makofi mengi. Na hata mimi nilipiga, kwa sababu hilo la majani chai lilikuwa kweli.

Makofi yalipokwisha, Gladys alisimama. Msomaji wa mbali huenda usielewe kwa nini watu walinyamaza. Kwetu kuna *chinsoni*, yaani heshima na haya kati ya watu fulani. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawabishani, hawataniani, hata maneno ya kawaida hupitishwa kwa mtu wa tatu. Na huyu alisimama mbele ya watu wote, baba mkwe wake akiwa bado hajavaa kofia yake.

"Naomba ruhusa," alisema, macho yakiwa chini. "Mwaka jana mimi ndiye niliyebeba kilichobaki. Wali, chapati, nyama. Tulimwaga kwenye shimo la migomba mpaka mbwa wakasusa. Januari tukatumwa kwa majirani kuomba unga. Mimi naona barua hii inasema kweli. Tukiendelea hivi, iko siku chakula hicho kitatuua."

Ishike sentensi hiyo ya mwisho. Wengine waliishika.

Abner hakumtazama. Alimgeukia Mose. "Mose," alisema, "mke wako amesimama."

Gladys akaketi.

Wiki zilizofuata tulibishana sana pale kituoni tunapopimia majani chai. Wanaume wengi walisema serikali imekosa kazi. Wanawake, ambao ndio hupika na ndio humwaga, walisema kwa sauti ya chini kwamba Gladys ana haki. Ogoti alipita akipiga honi: "Mke wa Mose anataka tule Krismasi kama wagonjwa wa sukari!" Mama mmoja akamrudishia: "Na wewe Januari usije kwangu kuomba unga. Njoo na ile nyama uliyomwaga, tuisage." Tulicheka. Sikuona ubaya wowote unaokuja.

Mwaka huo Krismasi ilianguka siku ya Ijumaa. Kwa Wasabato, Ijumaa ni siku ya maandalio. Chakula cha Jumamosi hupikwa mapema, kwa sababu Sabato ni siku ya kupumzika. Wengi wao hupasha tu chakula siku hiyo na kuendelea na ibada, nami sioni kosa. Abner hakuwa hivyo. Nyumbani kwake jiko lilizimwa jua la Ijumaa likitua, na halikuguswa mpaka jua la Jumamosi litue.

Asubuhi hiyo alichinja fahali. Mimi nilishika kamba. Nilimwona Gladys akimwendea mama mkwe wake, Bitutu, kando ya jiko.

"Mama, mvua hii ni kubwa. Wageni wa Nairobi watapungua. Hebu nusu ya nyama tuigawe mbichi."

Bitutu alimpelekea mume wake maneno hayo. Abner alijibu kwa sauti ya kusikika na sisi sote.

"Nyama yote iingie motoni. Kesho kanisa zima litakula hapa."

Mvua ilinyesha kutwa. Barabara ikawa tope, na wageni waliofika walikuwa nusu ya wale waliotarajiwa. Tulikula, tukashiba, tukasukuma sahani. Lakini sufuria kubwa zilikuwa bado zimejaa mpaka karibu na ukingo. Zilifunikwa kwa majani ya migomba, mawe yakawekwa juu, zikaachwa jikoni zikiwa moto. Sufuria kubwa haipoi haraka. Hukaa na uvuguvugu ndani kama tumbo la mnyama.

Sabato asubuhi nilienda kuazima mwavuli. Gladys alikuwa ameondoa jiwe kwenye sufuria moja. Juu ya mchuzi kulikuwa na povu jembamba. Harufu haikuwa mbaya sana. Ilikuwa ya kukufanya unuse mara ya pili.

"Mama, imeanza kupovuka," alimwambia Bitutu. "Niruhusu niichemshe tu. Nitabeba dhambi mimi."

Bitutu alisimama mlangoni, kisha akamwita mume wake. Abner alikuja na suti na Biblia kwapani.

"Mwambieni huyo msichana," alisema akitazama migomba, "hakuna moto utakaowashwa hapa leo. Nyama ilipikwa vizuri. Baba yangu alikula nyama iliyolala maisha yake yote."

Gladys akarudisha jiwe mahali pake.

Baada ya ibada watu walikuja na kula. Nyanya Nyangate hakuwa na meno, kwa hiyo alitengewa kilichokuwa laini kuliko vyote: minofu ya chini kabisa ya sufuria, pamoja na mchuzi wake. Alikula akamsifu mwanawe. Mimi sikula, jino lilikuwa linaniuma. Gladys aliwaita watoto wake wawili nyuma ya nyumba akawapa ndizi mbivu na chai ya chupa. Yeye mwenyewe alikula ndizi.

Kabla ya jua kutua, boma lile lilikuwa limejaa watu walioshika matumbo. Sitaeleza zaidi. Waliobebeka walibebwa mpaka hospitalini Nyamira. Wengi walipata nafuu, na Abner akawa mmoja wao. Mama yake alikuwa mzee mno. Jumapili asubuhi alikata roho.

Sasa sikiliza jinsi ujinga unavyotembea. Ulifika bomani kabla ya maiti kupelekwa mochari.

"Alisema kitatuua," Ogoti alisema, akiwa bado na uso wa kijivu wa ugonjwa. "Mbele ya naibu wa chifu. Alijuaje?"

"Watoto wake walikula nini?" mtu akauliza.

"Ndizi."

"Ndizi! Siku ya nyama?"

"Na yeye?"

"Ndizi."

Basi ikawa hivyo. Uangalifu wake ukageuka ushahidi dhidi yake. Sauti nyuma ya kundi ikatamka *omorogi*, mchawi, na baada ya neno hilo hakuna aliyeuliza swali tena. Mchana kweupe, watu ninaowajua, watu wanaoimba kwaya, walijaa mbele ya nyumba ya Mose. Mmoja alikuwa na dumu la petroli. Mose alisimama mlangoni mikono imetandazwa, mke na watoto wakiwa ndani.

Niliwaambia nyama ilipovuka, kwamba niliiona kwa macho yangu. Ogoti akanigeukia. "Na wewe hukula. Kwa nini?"

Nikapiga simu kwa Maureen. Kisha nikamwendea Abner. Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake kubwa, blanketi mabegani, plasta ya hospitali mkononi. Kila mtu alikuwa akimtupia jicho. Neno moja lake lingetosha.

"Abner," nilimwambia, "waambie. Nyama ililala, ukakataza moto. Waambie hivyo tu waende nyumbani."

Alilivuta blanketi lake.

"Mama yangu," alisema, "hakuuawa na sufuria yangu."

Akageuza uso wake upande wa migomba. Watu walimwona akiugeuza. Hilo ndilo jibu walilokuwa wakingoja.

Maureen alifika na askari wawili wakati mlango wa mbele umeanza kupigwa mawe. Walimtoa Gladys na watoto kwa mlango wa nyuma, wakawapitisha kwenye majani chai wakiwa wameinama mpaka barabarani lilipokuwa gari. Mtoto mdogo alipoteza kiatu kimoja. Nyuma yao nyumba iliwaka, na mvua ambayo ilikuwa imenyesha tangu Ijumaa ilikuwa imekatika.

Daktari aliwaeleza Abner na wazee wa ukoo waziwazi: ni vijidudu vya nyama iliyokaa na uvuguvugu usiku kucha, na kuichemsha vizuri kungeviua. Wazee waliitikia kwa vichwa. Kwenye mazishi ilihubiriwa kwamba Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Hakuna aliyetaja sufuria. Jina la Gladys halikutajwa pia, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akimwosha Nyanya Nyangate miguu kila jioni.

Miezi ikapita. Mose alipungua mwili. Mwishowe Abner alikubali twende Ogembo kumrudisha mke wa mwanawe. Tulikwenda yeye, Mose, mzee mmoja wa ukoo na mimi. Tulikaribishwa sebuleni kwa wazazi wake, tukapewa chai. Abner alizungumza muda mrefu kuhusu msamaha, kuhusu shetani aliyeingia kati, kuhusu nyumba mpya ya mabati atakayomjengea. Sufuria hakuigusa. Moto alioukataza hakuutaja.

Gladys alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, kama desturi inavyotaka. Mama yake aliingia, akakaa kidogo, akarudi na jibu.

"Anasema anamsalimu baba mkwe wake. Anasema alifundishwa kwamba mke wa mwana hasemi mbele ya baba mkwe, na mara moja aliposema, nyumba yake ilichomwa. Kwa hiyo leo anashika heshima. Hana la kusema."

Abner aliweka kikombe chini. Mose alianza kulia pale pale, mtu mzima, mbele ya wakwe zake. Tukarudi Gesima bila yeye.

FUNZO

Mimi sipendi kuambiwa na ofisi nipike nini, na ukitaka kubishana na barua ya serikali, bishana. Lakini soma kwanza inasema nini. Gawa nyama ikiwa mbichi, jirani atakushukuru kuliko mbwa. Kilicholala kichemshe mpaka kitokote, au usimpe mtu. Sidhani Mungu wa Sabato anakasirishwa na kuni zinazookoa kikongwe. Na mgeni akiona chini ya sufuria yako, hajaona umaskini. Ameona chakula kilitosha.

Mtu akikuonya mapema, usimgeuze mchawi baadaye kwa sababu alisema kweli. Na wewe mwenye boma, siku utakayoulizwa kosa ni la nani, ukilijua, fungua mdomo. Kunyamaza kwako ni petroli pia.

Gharama ya Krismasi ile ni hii. Mama mmoja kaburini. Nyumba moja majivu. Watoto wawili Ogembo, ambao mdogo wao hataki kupelekwa mahali penye watu wengi. Mume mmoja anayejipikia. Mzee mmoja wa kanisa ambaye hukaa kwenye kiti chake uso ukiwa upande wa migomba, na watu hupita bila kumwamkia. Na chakula kilichobaki, ambacho watu wa afya ya umma waliamuru kizikwe chote. Mimi ni mmoja wa waliochimba. Shimo lile lilikuwa pana kuliko kaburi la Nyanya Nyangate.