Msimbo wa Benki ya Jirani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alimtungia mama yake uzi kwenye sindano. Jina hilo binti huyo alibandikwa nyumbani kwa sababu ya haraka zake. Mama alikuwa fundi cherehani, na jicho lake la kulia lilizidi kuingia giza.

"Ni shinikizo la jicho," daktari alisema. "Apasuliwe mwezi huu. Nuru ikipotea hairudi."

Mjomba, aliyefanya kazi ng'ambo, akaahidi kutuma pesa za upasuaji.

"Nenda benki yetu ukaulize msimbo wao," mama alimwagiza binti yake, "zile herufi zinazoitambulisha benki kwa benki za nje. Umtumie mjomba pamoja na namba ya akaunti yangu."

Lo! Foleni ya benki ilikuwa imefika mlangoni. Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumwambia Chapuchapu? Akapitia kwa jirani yao seremala, ambaye naye hutumiwa pesa kutoka nje, akanakili msimbo wa benki yake, akamtumia mjomba. Benki ni benki, alijiambia.

"Umeuliza benki?"

"Nimeuliza, mama."

Mjomba akatuma. Siku zikapita, pesa kimya. Mama akaanza kujigonga mlangoni. Jioni moja alimimina chai nje ya kikombe, ikatiririka mezani, naye hakuona. Chapuchapu akaukumbuka ule msimbo wa jirani. Alitaka kusema ukweli, badala yake akachukua kitambaa akafuta meza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asubuhi moja mama alisema taratibu, "Sogea huku, mwanangu. Upande huo sikuoni."

Chapuchapu akaangua kilio. "Nisamehe, mama! Nilidanganya. Sikuuliza benki."

Wakaenda mbio benki. Karani aliutazama ule msimbo, akaguna.

"Huu si wetu. Pesa zimepelekwa benki ambayo akaunti yenu haipo, zimekwama huko. Mjomba aiambie benki yake irekebishe, leo hii!"

Mjomba alifanya hivyo. Pesa zikaingia, mama akapasuliwa.

"Mmechelewa sana," daktari alisema. "Kilichobaki tumekiokoa. Kilichopotea, ndiyo basi tena."

Mama, jicho likiwa limefungwa bandeji, alimshika binti yake mkono.

"Msimbo ulirekebishwa kwa simu moja tu. Lakini zile siku ulizonyamaza, mwanangu, hakuna benki itakayonirudishia. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."