Kikombe cha Mkono wa Kushoto

Taifa lilitikisika asubuhi ile, na historia ikatoa kalamu. Au tuseme mtaa ndio uliotikisika. Haya, tuseme ukweli: nyumbani kwa Bwana Ghanim, mjini Al Wakrah huko Uarabuni, kigingi cha kutulia ndege kilikutwa kitupu. Shaqra, kipanga wa kuwindia, ameibwa.

Inspekta Jawaher alifika, akavaa glovu, akachunguza mlango wa chumba cha wageni. Kitasa kizima.

"Mwizi tunaye," alisema Bwana Ghanim, akimnyoshea kidole Zarwali, mtunza ndege aliyetoka ng'ambo, milima ya Swat. "Kapata tajiri mwingine. Siku hizi sheria inamruhusu kuhama bila ridhaa yangu. Leo anahama, leo ndege hayupo! Mfungulie kesi, Afande."

Kesi ikifunguliwa, uhamisho unasimama. Hakuna aliyekuwa mle chumbani asiyelijua hilo.

Zarwali hakujikunyata. "Sikuiba, Afande. Huko niendako wamenipa kazi ya mtunzaji mkuu. Nina haki ya kwenda, nami nitakwenda."

"Unakisikia kiburi hicho?"

"Nimesikia jibu," alisema Inspekta. Alichukua kitabu kidogo rafuni. "Hii nini?"

"Pasipoti ya Shaqra," alijibu Zarwali. "Huku kila kipanga wa kuwindia ana yake."

"Mwizi wa kuuza angeiacha? Bila hii, ndege huyu hauziki hata kwa kipofu." Akamtazama mwenye nyumba. "Na pasipoti ya Zarwali iko wapi?"

Bwana Ghanim alikohoa. "Kabatini kwangu. Kwa usalama."

"Ilete. Kuishikilia ni kosa. Ndege ana yake, mtu hana?"

Bwana Ghanim alitoka kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Hapo kahawa ikaletwa na mwanawe Faleh, kijana wa shule ya bweni, mtanashati, mwenye akili ambayo walimu wake huiita kwa majina mengine. Alimimina, akamnyoshea Inspekta kikombe.

Inspekta hakukipokea.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, Afande."

"Birika hushikwa kushoto, kikombe hutolewa kwa kulia. Hata mwehu wa hapa hakosei. Wewe umeweka birika chini, unanipa kikombe kwa kushoto. Mkono wa kulia uko wapi?"

"Unaona baridi, Afande."

"Utoe tuupashe moto."

Mkono ulipotoka kwenye kanzu, ulikuwa umejaa mikwaruzo ya makucha, bado mibichi.

"Ndege yuko wapi?"

"Bafuni kwangu. Ananichukia."

Msomaji, nimebanwa. Faleh ni mimi. Ule utanashati niliuandika mwenyewe.

"Kwa nini?" aliuliza Inspekta.

"Nilitaka kesi ifunguliwe. Uhamisho ukwame, Zarwali abaki." Niliurudisha mkono kanzuni. "Kila likizo nikirudi, ni yeye tu anayenisubiri mlangoni."

Baba alikuwa amesharudi, pasipoti mkononi. Alisikia yote, akatazama zulia.

"Kwa hiyo unampenda mtu," alisema Inspekta, "ukaona umfunge."

Zarwali alipokea pasipoti yake, akaifungua, akaitazama picha yake ya ujana, kisha akaitia mfukoni upande wa moyo. Sikuwahi kumwona mtu amesimama wima vile.

"Kaka Zarwali," nilisema, "ningekuomba ubaki, ungekubali?"

"Hapana, mdogo wangu." Alinishika bega. "Lakini katika nyumba hii sijawahi kuombwa kitu. Ningefurahi."