Bwana Harusi Aliyemtuma Ami Yake

"Sabreen binti yangu, unanipa uwakala nikuozeshe kwa Muntazir, kwa mahari mliyokubaliana?"

Maulana aliuliza, kimya. Akarudia, kimya. Wanawake waliojaa sebuleni pale Richmond Hill, Kanada, wakatabasamu, maana kwetu bibi harusi akijibu upesi atasemwa mwaka mzima. Mara ya tatu ndipo anakubali, vigelegele vinapigwa, watu wanakwenda kula.

Mara ya tatu Sabreen akafungua mdomo.

"Sikupi, Maulana."

Mama yake, Bi Bilkis, aliketi chini pale pale zuliani. Kwenye chumba cha wanaume alikuwepo Ami Ghulamabbas, kanzu imenyooka, tayari kuitikia nikahi kwa niaba ya mtoto wa kaka yake. Bwana harusi mwenyewe alikuwa Brussels.

Tusimwonee Muntazir, alikuwa na wema wake. Alizaliwa Arusha, akakulia Ubelgiji, akawa diwani wa mji mdogo ambako kila mtu alikuwa na namba yake ya simu. Alikutana na Sabreen kwenye harusi ya jamaa kule Pickering, na enzi zile za udiwani hakuacha kumpigia, hata akiwa amechoka na vikao. Sabreen alimpenda sana. Akitoka kwenye duka la dawa anakofanya kazi, anajifunza njiani Kiholanzi, lugha ya mji wa Muntazir.

Kisha jamaa akachaguliwa kwenda Bunge la Ulaya, na salamu zikaanza kuletwa na msaidizi wake. Harusi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Safari hii ukaja ujumbe:

"Mpenzi, wiki hii kuna kura nzito bungeni, siwezi kutoka. Ami atanikubalia nikahi. Dini inaruhusu."

Kweli inaruhusu. Ila asubuhi ya nikahi, akisubiri hina ikauke, Sabreen alitazama ratiba ya bunge mtandaoni. Wabunge walikuwa likizo.

Sasa, baada ya kumkatalia Maulana, akaingia chumbani na hina yake mikononi, akapiga simu.

"Kwa nini hukuja?"

Muntazir alianza habari za kura. Sabreen akamwambia ratiba ameiona. Upande wa pili mtu akashusha pumzi.

"Chama wanasema picha za nikahi, wewe na hijabu yako, zitaniharibia uchaguzi ujao."

"Wewe ukawajibu nini?"

"Nikasema hakutakuwa na picha. Sabreen, ni kwa muda tu. Njoo tuishi pamoja, sherehe tutafanya baada ya uchaguzi."

"Na watu wakiniuliza mimi ni nani kwako?"

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta jibu zuri la kuwapa waandishi wa habari.

"Sema binamu yangu."

Sabreen hakugomba. Alikata simu, akalia mpaka wanja ukamfika shingoni, maana mapenzi hayakatiki pamoja na simu. Alimtaka bado, na hilo ndilo lililomuumiza. Halafu akanawa uso na kutoka.

Baba yake alikuwa amesimama koridoni. Biriani lilikuwa tayari, wageni wanatazamana, na Ami Ghulamabbas hajui avae viatu au akae.

"Wape chakula, Baba. Ami naye ale, hana kosa."

"Tutawaambia nini watu, mama?"

"Waambie bwana harusi hakuja."