Sauti Ndani ya Mashine Kuukuu

Walikutana kwenye ujia wa mafundi wa redio, watu wakisukumana kama siafu. Mhandisi wa programu, gauni la bluu, jasho shingoni, alikuwa akisaka kompyuta yenye kichakataji cha zamani. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kiini kipya cha mfumo unaoendesha kompyuta na maktaba ya C, ile inayofikisha maombi ya programu kwenye kiini, vinaelewana katika kila aina ya mashine.

"Hiyo siiuzi," alisema fundi aliyekuwa nayo moja mezani, shati lake limenyooka kwa pasi. "Ila waweza kuijaribia hapa."

"Kuna kiti?"

"Changu. Mimi nimezoea kusimama mbele ya warembo."

Mhandisi alicheka bila kutaka. Akarudi kesho yake, na siku iliyofuata. Zikaanza simu za mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Acha kunisingizia njaa."

Siku moja mhandisi aliweka kiini kipya kwenye mashine ile. Diski ilikuwa ndogo, cha zamani akakifuta. Fundi akafungua rekodi ambayo hakuwahi kuitaja. Ikatoka sauti ya mwanamke, imekatika silabi kwa silabi, kama mtu anayezama.

"Ni marehemu mke wangu," alisema fundi. "Programu ya kumsikia iko humu tu. Umemuua mara ya pili."

"Ungeniambia, mpenzi."

"Nenda, tafadhali."

Wiki tatu simu haikulia. Kila mhandisi alipofungua kazi yake, ile sauti ilizama masikioni mwake. Mwishowe akaona kosa: kiini kipya kilitoa saa kwa namba pana kuliko zamani, maktaba kuukuu ikasoma nusu yake, programu isijue lini itoe silabi inayofuata. Akakirekebisha kiini kiijibu maktaba hiyo kama zamani, akapiga simu.

"Niruhusu nije. Mara moja tu."

"Njoo."

Alipokwisha kuweka kiini kilichorekebishwa, walibanana kwenye kiti kimoja. Sauti ikatoka nzima, changamfu, ya mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa:

"Umerudi, mume wangu? Umekuja na nani?"

Mhandisi alitaka kuinuka, fundi akamshika mkono.

"Nimekuja na mchumba wangu," aliijibu mashine, taratibu. Kisha akamgeukia. "Au nimesema uongo?"

Ndani ya rekodi mwanamke alikuwa akicheka. Mhandisi akangoja kicheko kiishe.

"Hujasema uongo," alisema.