Rudi Nyuma Kidogo

Haya alinisimulia Odile, rafiki yangu anayetengeneza fremu za picha hapa Rouen, na Odile si mtu wa kutishika ovyo.

Jioni moja ya Januari alikwenda kupima picha ya kuchorwa nyumbani kwa Bwana Quesnel, mzee aliyefiwa na mkewe. Picha ilikuwa ya huyo marehemu, kasimama kwenye theluji na koti lake la manyoya. Odile alipoisogelea aliona madoa ya rangi tu.

“Karibu hivyo humwoni, mwanangu,” mzee akamwambia. “Rudi nyuma. Mimi hurudi kinyumenyume mpaka jikoni, nikapata mtu wa kula naye.”

Odile akacheka, akarudi hatua moja. Uso ukatokea. Akarudi tena na tena, lakini uso haukupungua ukubwa. Na kila hatua, juu ya sakafu ile ya mbao, alisikia theluji ikikanyagwa: kacha, kacha.

Akatoka mbio. Barabara ilikuwa kavu. Theluji haikuwa imeanguka majira yale ya baridi. Kacha, kacha, nyuma yake.

Mzee alikuwa mlangoni, analia.

“Mwanangu, nakusihi! Geuka umrudishe!”