Kipimo cha Asiyekuwepo

Gauni lile lilikuwa halijavaliwa na mtu yeyote, lakini kwapani lilikuwa limelowa jasho.

Kifungo aliliona hilo asubuhi, alipoondoa shuka iliyofunika sanamu ya kuvalishia nguo kando ya meza yake. Kwanza alidhani ni maji ya pasi. Akainama, akanusa. Ilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi na mtu akiwa ndani. Akafuta kwa kitambaa, akatazama huku na huku kama mwizi, kisha akajifanya anachomoa pini, maana Bi Sentimita alikuwa amekwisha kuingia.

Jina la Kifungo alipewa na wenzake mwaka wa kwanza, kwa udogo wake na uso wake wa mviringo. La Bi Sentimita, mwalimu wa ukataji, lilirithiwa na wanafunzi mwaka hata mwaka, na hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo: wachoraji chini, wachongaji uani, na juu, katika karakana ndefu yenye cherehani kumi na mbili, wanafunzi tisa wa mavazi. Humo ilitawala sheria moja. Nguo ya mtihani wa mwisho hupimwa juu ya mwili wa mtu aliye hai; mpimaji hutaja namba kwa sauti; na hakikatwi hata kipande cha karatasi kisicholingana na namba hizo.

Kifungo alikuwa ameivunja sheria hiyo wiki tatu nyuma.

Siku ya vipimo, dada yake, ambaye ndiye angeivaa nguo, alikwama saluni kwake na kichwa cha mteja kilichosukwa nusu. Kifungo akaingia peke yake katika chumba cha kupimia. Mlango ulikuwa na kioo cha ukungu kionyeshacho vivuli tu, na nje Bi Sentimita alikuwa akipitapita. Basi akaigiza. Akaukunjua utepe wa kupimia, akauzungusha hewani. "Simama wima, dada," alisema kwa sauti. "Inua mikono. Usipumue."

Utepe ukakaza.

Ulikaza kama ukazavyo kiunoni mwa mtu. Alijiambia ni vidole vyake mwenyewe, akasoma namba pale kidole kilipoangukia. Kiuno, inchi kumi na tisa. Bega kwa bega, kumi na mbili. Mkono, kutoka begani hadi kifundoni, thelathini na moja. Akaandika, akatoka, akamshukuru Mungu.

"Mkono inchi thelathini na moja," Bi Sentimita alisoma asubuhi hiyo, daftari mkononi. "Dada yako hufuta dari bila ngazi?"

Darasa likaangua kicheko.

"Ni mrefu, Mwalimu."

"Najua. Nilikiona kivuli chake kwenye kioo siku ile. Kilikuwa kimeinamisha shingo ili kichwa kisiguse dari." Akalifunga daftari. "Mtihani ni kesho saa nne. Asichelewe."

Kifungo aligeuka kukitazama kioo cha chumba cha kupimia.

Jirani yake wa meza aliitwa Zipu Mbovu, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kufungika. Mwalimu alipotoka tu, akasogea akichekacheka. "Shoga, hebu nimpe mkono huyo twiga wenu!" Akautumbukiza mkono wake katika mkono wa gauni, kuanzia begani, hadi kwapa.

Kicheko chake kikakatika.

"Kifungo, acha utani."

"Utani gani?"

"Unanishika vidole."

"Mimi niko huku," Kifungo alinong'ona.

Ukasikika mlio mdogo, kisha wa pili. Zipu Mbovu alipojichomoa kwa kishindo na kuanguka chali, vidole vyake viwili vilikuwa vimekunjwa kinyume, vimelala mgongoni mwa kiganja. Hakulia. Alikuwa akilitazama gauni. "Lichome moto," alisema wakati wanambeba. "Mle ndani mna mkono, Kifungo. Lichome."

Kifungo alilishusha gauni hadi uani, penye pipa la takataka, na kiberiti akakiwasha. Akasimama pale mpaka njiti ikamuunguza. Miaka mitatu ya vidole vilivyotobolewa, ya macho yaliyofumba juu ya cherehani, na asiye na nguo hana mtihani. Akajiambia kwamba Zipu Mbovu alinaswa na pini. Akapanda nalo tena.

Kesho yake jua lilijaa madirishani hata pini zilizoanguka sakafuni zikawa zinametameta. Dada yake akaja kwa wakati: mfupi, mnene kiasi, mwenye maneno.

"Hili ni gauni au hema?" aliuliza, mikono ya nguo ikimning'inia kupita vidole. "Na hiki kiuno ulimpima nani, nyigu?"

"Vaa tu, dada. Nitaeleza."

"Mdogo wangu, sijaja kukuaibisha. Lakini hapa mgongoni hapafungi hata ukinipaka mafuta."

Bi Sentimita alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao, kalamu hewani. "Huyu ndiye dada yako?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Niliyemwona mimi siye."

Zipu ya mgongoni ikaanza kupanda. Hakuna aliyeishika. Ilipanda jino kwa jino, taratibu, kama kazi ya mtu anayeionea raha, na kwa kila jino lililofunga kiuno kilipungua, na dada akasema, "Legeza, Kifungo, unaniumiza," na Kifungo akainua mikono yake mitupu ili dada aione, na hapo ubavu wa kwanza ukavunjika kwa mlio wa ukuni mkavu, kisha wa pili, kisha hesabu ikapotea, damu ikamtoka dada puani ikachirizika juu ya kitambaa cheupe, nacho kikainywa bila kubaki doa, na mikono ya gauni iliyokuwa mitupu ikaanza kudai kujazwa, ikivuta, ikivuta, mpaka bega la kushoto likang'oka mahali pake na ngozi ikatanuka ikang'aa kama mpira, na kutoka katika kinywa kile kilichokuwa wazi kwa kilio ikatoka sauti nzito, tulivu, isiyokuwa yake, ikisema: "Simama wima, dada. Inua mikono. Usipumue."

Wanafunzi wakakanyagana mlangoni. Bi Sentimita hakukimbia. Aliuchukua mkasi mkubwa wa kukatia, akalishika pindo, akapasua kwenda juu. Na kila kitambaa kilipopasuka paja la dada nalo lilipasuka, mstari kwa mstari, sawia. Akauachia mkasi kwa hofu. Mkono wa kushoto, ambao sasa ulifika chini ya goti, ukazunguka ukampiga usoni. Mwalimu akarushwa juu ya cherehani, taya likavunjika, na meno yake yakatawanyika sakafuni pamoja na vifungo.

Ndipo akaingia Zipu Mbovu, mkono wake umefungwa bendeji, akimvuta babu yake. Mzee huyo aliishi nyuma ya chuo, na wenye kusumbuliwa na majini walipelekwa kwake. Mjukuu alikuwa amemsimulia yote usiku. Asubuhi hakuhitaji kubembelezwa.

"Wewe uliyemo humu," mzee alisema kwa sauti ya chini, "uliingia kwa mlango gani?"

"Sikuingia," kinywa cha dada kikajibu. "Niliitwa. Nikaambiwa nisimame, nikasimama. Nikapimwa, nikaandikwa. Nguo ni yangu. Ila mimi sina mwili wa kuijaza, basi nautengeneza huu."

Mzee akamgeukia Kifungo. "Kweli?"

"Kweli, babu."

"Basi dawa yangu haimtoi. Mgeni aliyealikwa hutolewa na yule aliyemwalika." Akamwokotea utepe. "Mpime dada yako. Ndani ya gauni, juu ya ngozi, maana ngozi inajijua. Taja namba ya kweli na mwenzako aiandike. Usikisie hata robo."

Zipu Mbovu akapiga magoti na daftari, kalamu katika mkono mzima. Kifungo akaingiza mikono chini ya kitambaa. Mle ndani mlikuwa na joto la kinywa, na kitu kikamuuma, kikaachia, kikamuuma tena pale pale, hata akahisi meno yakigusa mfupa. Wala hakutoa mikono. Utepe ulipozunguka kiuno ukasoma kumi na tisa. Akaushikilia bila kuukaza. Chini ya vidole vyake mwili ukasukuma: ishirini, ishirini na mbili, ishirini na tano.

"Kumi na tisa!" sauti ilinguruma, na kucha zikamchana shavu mpaka fizi zikaonekana.

"Ishirini na saba!" Kifungo alipiga kelele, damu ikimruka mdomoni.

"Ishirini na saba," Zipu Mbovu akarudia, akaandika.

Zipu ikapasuka toka juu hadi chini. Mabega yakafuata, inchi kumi na tano na nusu, yakarudi mahali pake kwa mlio uliomfanya mzee afumbe macho. Ukafuata mkono wa kulia, ishirini na tatu, ukanywea ukawa mkono wa msusi tena. Dada alikuwa akihema. Macho yakawa yake.

Ukabaki wa kushoto. Kifungo akaulaza utepe juu ya ngozi, akangoja. Namba hazikushuka. Thelathini na moja, zikasimama hapo, na ngozi ilikuwa baridi, yenye jasho lile lile la siku ya kwanza.

"Huo si wake tena," mzee alisema.

"Dada..."

"Nimesikia." Dada aliongea kwa pumzi fupifupi. "Ubaridi unapanda, Kifungo. Uko begani tayari. Kata."

"Utasukaje, dada? Utasuka na nini?"

"Wewe si fundi? Kata, usiniulize maswali!"

Mfupa ulikuwa umekwisha kuachana na bega. Kilichoshikilia ni nyama na ngozi. Kifungo aliuchukua mkasi wa Bi Sentimita, akaukata mkono wa dada yake kama alivyofundishwa kukata kitambaa kizito, kwa mikato mirefu, bila kuinua mkasi mezani, na muda wote ule dada alikuwa akipiga mayowe na ile sauti nyingine ilikuwa ikiimba polepole, kama mteja ajitazamaye kwenye kioo. Bi Sentimita, taya likining'inia, alitambaa na mkanda wa bitana, akalifunga bega kwa fundo ambalo halikulegea.

Gauni likateleza likaanguka, mkono ukiwa ndani yake. Zipu Mbovu na babu yake wakambeba dada kuteremka ngazi, mwalimu akifuata kwa kushika ukuta. Kifungo alikuwa wa mwisho. Alikuwa amefika kizingitini aliposikia kitambaa kikijikunjua.

Gauni lilikuwa limesimama. Kifua kilipanda na kushuka. Mkono wa kushoto ulikuwa umejaa, vidole vyake virefu vikijaribu hewa kimoja kimoja, vile vidole vilivyojua kusuka. Wa kulia ulining'inia mtupu.

"Wa kushoto umekaa vizuri, fundi," likasema. "Wa kulia utakuwa tayari lini?"

Huko ngazini dada yake aliugua. Gauni likageukia upande wa sauti, likapiga hatua.

Kifungo akasimama katikati ya mlango. Akauchukua utepe uliolowa, ncha moja akaiweka juu ya bega lake mwenyewe la kulia, akaulaza mpaka kifundoni. Alipima kwa makini kuliko alivyowahi kupima maishani mwake. Hakuiba hata robo.

"Ishirini na mbili na robo," alisema kwa sauti.

Gauni likamgeukia. Vidole virefu vikaja, vikampapasa kuanzia begani hadi kwenye kucha, kama mtu apapasavyo kitambaa dukani kabla ya kukubali.

"Mfupi," likasema. "Lakini utavutika."